Mfinyanzi na Daftari la Chama

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Wanachama na Wazee, katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kiminini



Tumepewa nafasi ya kusema maneno machache kabla hesabu za mwaka hazijasomwa. Miaka mingine nafasi hii huwa ya kuzungumza juu ya mbegu za mahindi, au karo za shule, au afya ya watoto wachanga. Na kwa kuwa mahindi ndiyo maisha ya Trans Nzoia, hatuyadharau hata kidogo. Lakini mwaka huu tumechagua kuzungumza juu ya chungu. Twajua wako watakaotabasamu, wakisema: Je, Halmashauri imekosa la kusema? Twawaomba wavumilie kidogo, kwa maana habari hii yaanzia mbali, ng'ambo ya bahari, na mwisho wake umo ndani ya daftari la chama chetu wenyewe.

Yuko mwanamke wa Kenya, jina lake Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, nchi yetu ilipokuwa bado chini ya utawala wa Kiingereza. Masomo yake ya mwanzo aliyapata India na hapa Kenya. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya kuchora matangazo na michoro ya biashara katika chuo cha Kabete, na mwaka 1971 akavuka bahari kwenda Cambridge, Uingereza, ili aongeze elimu ya kazi hiyo. Hakuondoka kwao kwa kutafuta udongo. Lakini huko ugenini mikono yake ilikutana na udongo wa mfinyanzi, akaona kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Akaiacha michoro ya matangazo, akaingia chuo cha sanaa katika mji wa Farnham kujifunza ufinyanzi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwa ajili yake tumeileta habari hii mbele yenu. Chuo kile kilikuwa na walimu, na majoko ya kuchomea, na vitabu. Hata hivyo, alipokuwa bado mwanafunzi, kati ya mwaka 1974 na 1975, Odundo alifunga safari kurudi Afrika ili ajifunze kwa wanawake wafinyangao kwa mikono mitupu. Alikwenda Nigeria, kisha akaja hapa Kenya. Maana yake ni kwamba kwa kutafuta elimu iliyo juu zaidi, ilimpasa aketi chini karibu na akina mama.

Katika Nigeria alifika kwenye Kituo cha Mafunzo ya Ufinyanzi cha Abuja. Abuja ile si huu mji mkuu wa leo. Ni mji wa zamani ambao sasa waitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza mmoja, Michael Cardew, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na hapo palikuwa na mwanamke wa kabila la Wagwari, Ladi Kwali, aliyezaliwa katika kijiji cha Kwali na kufunzwa ufinyanzi tangu utotoni na wanawake wa jamaa yake. Cardew aliviona vyungu vyake katika jumba la Emiri wa Abuja, akastaajabu, na mwaka 1954 Ladi Kwali akajiunga na kituo. Mwanamke huyu hakutumia gurudumu. Aliuweka udongo mahali pamoja, kisha yeye mwenyewe akauzunguka, akirudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, akiongeza kamba ya udongo juu ya kamba, hata chungu kikasimama, mviringo wake sawasawa kana kwamba kimepimwa kwa bikari. Baadaye alialikwa Uingereza kuonyesha kazi yake mbele ya watu. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1984, na picha yake akifinyanga imechapwa nyuma ya noti ya naira 20 ya nchi yake. Wanachama, tafakarini. Nchi nyingine huweka juu ya fedha zake wafalme na marais. Nigeria imewaweka wakubwa wake pia, lakini imempa nafasi na mfinyanzi wa kijijini.

Huyo ndiye mmoja wa walimu wa Magdalene Odundo. Mwaka 1976 Odundo alipata shahada yake huko Farnham, na mwaka huo huo akasafiri hadi San Ildefonso, kijiji cha wenyeji wa asili katika New Mexico, Marekani, kutazama namna wanavyofanya vyungu vyeusi ving'aavyo. Kijiji hicho ndicho kwao na bibi Maria Martinez, ambaye sifa yake ilikuwa imeenea duniani kwa kazi hiyo hiyo, naye aliishi mpaka mwaka 1980. Baadaye Odundo alisoma katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, akamaliza mwaka 1982.

Yatupasa sasa kueleza kazi yake yenyewe, kwa kuwa sifa bila maelezo ni upepo. Odundo hatumii gurudumu. Hulichukua donge la udongo, hulitoboa na kulivuta juu kwa mkono, kisha huongeza kamba za udongo mpaka tumbo la chungu lipatikane, na shingo, na mdomo. Hukwangua na kulainisha. Kisha hukipaka uji mwepesi wa udongo uliochujwa sana, akakisugua kwa jiwe laini, tena na tena, hata kinang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Hakipaki ile rangi ya kioo ambayo vikombe vya dukani hupakwa. Mng'ao wote watoka katika kusugua. Kisha hukichoma.

Na hapa pana elimu ambayo mama zetu waliijua kwa macho, na wataalamu wakaja kuieleza kwa vitabu. Udongo mwingi una chuma ndani yake. Moto ukipata hewa ya kutosha, chuma hicho hugeuka rangi ya kutu, na chungu hutoka chekundu. Moto ukifunikwa, hewa ikakosekana na moshi ukajaa, chungu hutoka cheusi. Vyungu vingi vya Odundo huchomwa mara ya kwanza vikatoka vyekundu. Akipenda viwe vyeusi, huvichoma tena pamoja na vipande vya mti, mahali palipofungwa hewa isipite. Na pengine rangi hizo mbili hukutana juu ya chungu kimoja, kama wingu la mvua lipitavyo juu ya Mlima Elgon jioni.

Vyungu hivyo havipikiwi wala havichotewi maji. Vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho: katika British Museum na Victoria and Albert Museum huko London, na katika Metropolitan Museum ya New York. Kimoja huweza kuuzwa mnadani kwa bei ipitayo pauni laki moja. Odundo mwenyewe amekuwa Profesa. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa za Ubunifu, ambacho chuo chake cha zamani cha Farnham ni sehemu yake. Na mwaka 2020 alitunukiwa na Malkia Elizabeth cheo cha Dame, ambacho kwa mwanamke ni sawa na kile cha Sir kwa mwanamume.

Lakini hatukuja hapa kuwaonyesha fedha za watu. Tumeyasema haya kwa sababu mtu akitazama vyungu hivyo huona mara moja asili yake. Huona tumbo la mtungi wa maji, shingo ya chungu cha pombe, na mgongo wa mama aliyejifunga mtoto. Sisi Waafrika tangu zamani tumekiita chungu kwa majina ya mwili: mdomo, shingo, tumbo, masikio. Odundo hakuyabuni hayo. Alichofanya ni kuyachukua kwa heshima, na kuyashughulikia kwa subira kwa muda wa miaka hamsini.

Basi turudi kwetu.

Ufinyanzi si mgeni katika nchi hii. Wazee wapendao historia ya vyama vya ustawi watamkumbuka Arkidikoni Walter Edwin Owen wa Kanisa la Anglikana, ambaye mwaka 1923 alisimamia chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo, mmoja wa mababu wa vyama kama hiki chetu. Mtu huyo huyo, aliyeshughulika na kodi na malalamiko ya watu, alikuwa pia akiokota vigae vya kale na kuviweka. Alifariki mwaka 1945. Na mwaka 1948 Louis Leakey na mkewe Mary walitoa kitabu, jina la Owen likiwa pamoja na yao, juu ya vyungu vya kale vyenye kibonyeo kitakoni vilivyopatikana Kavirondo ya Kati. Siku hizi wataalamu huviita vyungu vya Urewe, kwa jina la mahali palipo Siaya. Umri wake wapita miaka 1,500, navyo huhesabiwa kuwa alama ya wakulima na wahunzi wa kwanza wa pande za Ziwa. Nyumba zao zimeoza, mavazi yao yameoza, nyimbo zao hakuna azijuaye. Kilichobaki kutushuhudia kwamba walikuwako watu, walipika na kula na kukaribishana, ni kazi ya mikono ya wafinyanzi.

Na wasomi wetu wenyewe hawakunyamaza. Profesa Simiyu Wandibba, mtaalamu wa mambo ya kale, ameandika juu ya ufinyanzi wa Wabukusu. Na mwaka 1989 yeye na Jane Barbour walitoa kitabu juu ya vyungu na wafinyanzi wa Kenya nzima. Na hapa karibu, katika Jumba la Makumbusho la Kitale lililofunguliwa mwaka 1974, watoto wetu huweza kwenda kuona vifaa vya mababu. Ni jambo jema. Lakini chungu kilichofungiwa katika kabati la kioo hakiwezi kumfundisha msichana namna ya kuukanda udongo. Hilo lataka mtu aliye hai.

Sisi wa Halmashauri tulimjua mtu wa namna hiyo. Jina lake hatulichapi katika kitabu hiki, kwa kuwa ndivyo watoto wake walivyotuomba; lakini kila mwenye umri katika mkutano huu amjua. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Kukhu, yaani nyanya, kama ilivyo desturi. Alikuja huku pamoja na mumewe baada ya Uhuru, wakati mashamba ya walowezi yalipogawanywa kwa wananchi, naye alikuja na ujuzi wake kutoka upande wa Bungoma. Siku ya soko aliketi Kiminini kando ya barabara, vyungu vimepangwa juu ya nyasi mbele yake, vikubwa nyuma na vidogo mbele, kama watoto wapigwao picha shuleni.

Tulipokuwa vijana tulimfuata mara nyingi mpaka mtoni, si kwa kutaka elimu, bali kwa kuwa alitugawia viazi. Hivyo tuliiona kazi yake bila kujua ya kuwa twaiona. Aliuchimba udongo, akautoa mawe na mizizi, akauponda na kuukanda. Kisha alitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akauchanganya unga wake na udongo mpya. Tulimwuliza, "Kukhu, mbona watia vitu vibovu ndani ya vitu vizuri?" Akajibu, "Hivi vimekwisha kupita motoni. Hivi vipya havijui moto. Lazima viwe na wakubwa ndani yao wa kuvishika." Tulicheka. Leo twajua kwamba alisema kweli: vigae vilivyotwangwa huzuia udongo usipasuke ukaukapo na uchomwapo.

Kitako cha chungu alikianzia ndani ya kigae cha zamani, kisha akaongeza kamba za udongo, akilainisha kwa kipande cha kibuyu. Shingoni alipitisha kamba ndogo ya nyasi iliyosokotwa, ikaacha alama zake kama mshono. Alikianika kivulini siku nyingi. Mmoja wetu aliwahi kukitoa chungu kimoja juani ili kikauke upesi, akidhani amsaidia. Jioni kilikuwa na ufa toka mdomoni mpaka tumboni. Kukhu hakumpiga. Alimpa kile chungu, akamwambia, "Haya, kanywe maji." Mtoto yule sasa ni mzee wa Halmashauri, na asubuhi ya leo ametuomba tuieleze habari hiyo bila kulitaja jina lake.

Vyungu vile vilifanya kazi gani? Hapana haja ya kuwaeleza wazee. Vilipika maharagwe na mboga za kienyeji, na ladha yake mnaijua. Vilihifadhi maji, na maji yale yalikuwa baridi bila stimu wala barafu, kwa sababu mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho likikaushwa na upepo huondoka na joto. Vilikuwa vyungu vya busaa, wazee wakiketi kuvizunguka na mirija yao. Na kila mwezi wa Agosti wa miaka ya tohara, nyumba iliyokuwa na kijana wa kutahiriwa ilimtafuta Kukhu mapema, kabla hata ya kutafuta unga wa wimbi.

Kisha zikaja sufuria za alumini, na baadaye mitungi na ndoo za plastiki. Hatuzitukani. Sufuria haivunjiki mtoto akiiangusha, na ndoo ya plastiki ni nyepesi kichwani mwa mama atokaye mtoni. Maendeleo ni maendeleo. Lakini kila kitu kijacho hukikuta kitu kingine mahali pake. Na sisi tulipokuwa tukihesabu faida ya vilivyokuja, hatukuhesabu hasara ya aliyeondolewa. Vyungu vya Kukhu vikakaa sokoni toka asubuhi mpaka jioni, naye akavibeba kurudi nyumbani. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Zamani tulidhani maana yake ni kwamba mfinyanzi huwapa wengine vizuri, yeye akabaki na vibovu. Katika habari ya Kukhu tuliona maana iliyo nzito zaidi: hata kile kigae, ni sisi tuliompa.

Maana Kukhu alikuwa mwanachama. Alijiandikisha tangu siku za mwanzo. Siku hizo fedha zilikuwa adimu, na Halmashauri ya wakati ule iliwaruhusu wanachama kulipa ada kwa mazao au kwa kazi: huyu kuku, huyu gunia la mahindi, na Kukhu vyungu. Baadaye sisi tuliona ya kuwa utaratibu huo haufai, tukaamua kwamba ada italipwa kwa fedha taslimu peke yake, na asiyelipa muda wa miaka mitatu jina lake lifutwe. Sheria ile ilikuwa njema kwa hesabu. Tuliisoma kwa sauti katika mkutano kama huu, mkaipigia makofi.

Kukhu hakuweza kulipa mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Mwaka wa nne alikuja mkutanoni, akaketi karibu na mlango. Zamu yake ilipofika akasema anavyo vyungu, kama chama kitavipokea. Tukamjibu kwa adabu kwamba sheria ni sheria. Akasema, "Nimesikia, wanangu," akaondoka. Mstari uliopigwa juu ya jina lake ulipigwa kwa wino wetu na kwa mkono wetu. Hatumsingizii mtu mwingine.

Alipofariki, watoto wake walikuja kuomba msaada wa mazishi, ule ambao kila mwanachama hupata: jeneza, na gari, na mchango. Tulifungua daftari, tukawaonyesha ule mstari. Wakaenda kukopa kwa watu. Sisi tulikwenda mazishini, tukaketi chini ya hema, tukala chakula kilichopikwa kwa mkopo, na mmoja wetu akasimama akatoa salamu za chama.

Wanachama, yangekuwa yameishia hapo, pengine tungejifariji kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini mwaka huu, tulipokuwa tukitayarisha taarifa hii, ilitupasa kufungua sanduku la madaftari ya zamani ili tupate orodha ya waanzilishi. Katika daftari moja lililoliwa pembe na mchwa tulikuta, kwa mwandiko wa katibu wa siku zile, maneno haya: vyungu vikubwa sita vimechukuliwa kwa Kukhu kwa sherehe ya chama, malipo baadaye. Na mbele kidogo: vyungu vinne, malipo baadaye. Tukatafuta malipo. Tukapekua ukurasa baada ya ukurasa, tukaita na Mweka Hazina asaidie. Malipo hayakuwako. Hayakuandikwa mwaka ule, wala uliofuata, wala mwaka wo wote.

Tukahesabu bei ya vyungu vile kumi kama ilivyokuwa sokoni siku hizo. Kisha tukahesabu ada ya ile miaka mitatu. Tulifanya hesabu mara mbili, kwa kuwa hatukutaka kuamini. Chama hakikuwa kikimdai Kukhu. Kukhu alikuwa akikidai chama. Tulimfuta katika daftari kwa deni, hali mdeni ni sisi.

Naye alijua. Binti yake ametuambia kwamba mama yake aliikumbuka idadi ya vile vyungu mpaka siku zake za mwisho. Tulimwuliza, mbona basi hakusema, siku ile alipoketi karibu na mlango? Binti akatujibu ya kuwa mama yake alisema hawezi kuwadai watoto aliowagawia viazi.

Bwana Mwenyekiti, vyungu vitatu kati ya vile kumi vimo bado katika ghala ya chama. Tulikwenda kuvitazama. Kimoja kimekatika mdomo. Viwili ni vizima. Tulikitia kimoja maji jioni, na asubuhi maji yalikuwa baridi na kitako kikavu. Tukakumbuka habari za yule Profesa wa Uingereza, aliyeacha majoko ya chuo akavuka bahari kuja kuketi na wanawake kama huyu. Yeye alikuja kutoka mbali, akajifunza. Sisi tulikuwa naye njia moja, soko moja, kanisa moja, na tulichomfanyia ni kumpigia mstari.

Hatusemi kwamba Kukhu angekuwa tajiri, wala kwamba vyungu vyake vingefika London. Si kila mfinyanzi huwa Odundo, kama vile si kila mkimbiaji wa nchi hii huwa Kipchoge Keino. Lakini chama cha ustawi hakikuundwa kwa ajili ya washindi. Kiliundwa ili mtu anayeishi kwa kazi ya mikono yake asidharauliwe siku kazi hiyo itakapopungua thamani sokoni. Hiyo ndiyo shabaha tuliyoiandika katika ukurasa wa kwanza wa katiba yetu.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu mambo manne, nayo yataka kura yenu leo.

La kwanza: jina la Kukhu lirudishwe katika daftari la wanachama, pamoja na tarehe yake ya kwanza, na mstari ule uandikwe pembeni kwamba ulipigwa kwa kosa.

La pili: bei ya vyungu kumi ilipwe kwa watoto wake kwa thamani ya leo, na msaada wa mazishi alionyimwa utolewe kamili, ili walipe walichokopa. Fedha hizo zitoke kwanza katika posho za vikao vya Halmashauri, kwa kuwa kosa lilikuwa letu, na kama hazitoshi ndipo mfuko wa chama uguswe.

La tatu: mwanachama asiye na fedha aruhusiwe tena kulipa ada kwa kazi au kwa vitu, na kila kitu kinachopokewa kiandikwe, bei yake iandikwe, na aliyekitoa apewe stakabadhi siku hiyo hiyo. Neno "malipo baadaye" lisionekane tena katika madaftari yetu.

La nne: wamebaki wanawake wawili katika ujirani wetu waijuao kazi hii sawasawa, nao wamezeeka. Twaomba chama kiwalipe wawafundishe wasichana na wavulana watakaopenda, wakati wa likizo za shule. Wasidhani twawafundisha jambo lisilo na faida. Tangu miaka ya 1980 yamekuwako majiko yenye moyo wa udongo uliochomwa, ya makaa na ya kuni, yapunguzayo kuni na moshi jikoni, na vikundi vya wanawake wafinyanzi wa Magharibi ya Kenya vimeyatengeneza na kuyauza. Maua yanataka vyungu. Hoteli zinataka vyombo. Na mama apendaye maharagwe yake yawe na ladha bado hajafa. Na kama miongoni mwa watoto hao atatokea mmoja ambaye mikono yake imepewa zaidi, basi awe na mahali pa kuanzia, asilazimike kwenda Cambridge ndipo aujue udongo wa mto wa kwao.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa Kukhu tulichelewa, udongo ukakauka mikononi mwetu. Kwa hawa wawili bado upo unyevu.

Twamaliza kwa ombi moja dogo. Wasichana wanne wa sekondari walikwisha kuja wenyewe kutuuliza, walipopata habari kwamba neno hili litasomwa. Wameketi pale nyuma. Na katika meza ya mbele, badala ya jagi ya plastiki tuliyoizoea, mmeona chungu. Ni kimoja cha vile kumi. Wanachama watakaposimama kupiga kura, kila mmoja apite hapo anywe maji. Kisha Mweka Hazina, kabla hajasoma hesabu za mwaka, alisome kwanza kwa sauti jina la mwanamke aliyekifinyanga, na mkutano wote uitikie.